Aliyembeba Mirumbe

Katika kijiji cha Zadock Onditi, juu kidogo ya Kendu Bay, mtoto alijua kwamba Zadock alimbeba Mkuria mgongoni kwa siku tatu kabla hajajua kuhesabu mpaka tatu. Hakuna aliyekumbuka aliisikia wapi mara ya kwanza. Habari hiyo ilikuwa kama mlima Homa: ukifungua mlango asubuhi, ipo.

Yote yalianzia langoni. Zadock alizaliwa mwaka 1953, akasoma mpaka darasa la tano, akavua samaki mpaka mtumbwi wa baba yake ukaoza, kisha mwaka 1978 akavuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Aliipata jikoni, katika shamba moja la miwa karibu na Jinja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, kundi fulani la wapiganaji lilipita shambani humo likachukua magunia ya unga, sufuria tatu na wapishi wawili. Mpishi mmoja alikuwa Zadock. Wa pili alikuwa kijana wa Kikuria kutoka upande wa Migori, jina lake Mirumbe. Walivalishwa sare, wakapewa bunduki moja ya kutumia kwa zamu, isiyo na risasi, na kuambiwa wasiunguze maharagwe. Baada ya miezi saba walitoroka kwa miguu, wakarudi Kenya.

Zadock alipofika nyumbani, wazee walimsimamisha langoni. Kwa desturi ya Wajaluo, mtu aliyetoka vitani haingii tu bomani na kunawa mikono ale na wenzake. Kama ameua, lazima kwanza asafishwe damu ile. Kwa ajili hiyo, baba yake mdogo alikuwa ameshafunga mbuzi mweupe kwenye nguzo ya lango.

"Umeua wangapi?" baba mdogo aliuliza.

"Sikuua mtu, baba."

"Hata mmoja?"

"Hata kuku. Mwenye kuchinja kuku alikuwa Mirumbe."

Wazee walitazamana, kisha wakamtazama mbuzi. Majirani walikuwa wameshajaa njiani, na baadhi yao walikuja na visu vyao kabisa.

"Sasa, mwanangu," baba mdogo alisema kwa upole wa mtu anayemtafutia mwenzake pa kutokea, "huko vitani ulikuwa unafanya nini?"

Zadock aliuona uso wa mama yake katikati ya watu, umechangamka na umejaa matumaini, akasema jambo la kweli la kwanza lililomjia.

"Nilimbeba mwenzangu mgongoni. Alikuwa na homa. Tulitembea siku tatu mpaka mpakani."

Wazee walijitenga kando wakajadiliana. Kubeba si kuua. Lakini kumbeba mgonjwa siku tatu, tena Mkuria, jirani ambaye tumechukuliana naye ng'ombe tangu enzi za mababu, hilo nalo haliwezi kupita bila kitu. Mbuzi akachinjwa. Zadock alipewa kidari, na kabla jua halijatua alikuwa amepewa pia jina: Jating' Ji, mbebaji wa watu.

Nusu ya pili ya safari hakuisema. Nusu hiyo ilikuwa hivi. Zadock alimbeba Mirumbe siku ya kwanza. Asubuhi iliyofuata homa ilimwachia Mirumbe, na saa hiyo hiyo Zadock akatumbukia katika shimo la muhanga, akateguka kifundo cha mguu wa kushoto. Kuanzia hapo Mirumbe ndiye aliyembeba Zadock. Alimbeba huku akiimba kwa Kikuria, na walipofika mtoni alimkalisha mabegani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Zadock alikusudia kabisa kuieleza nusu hiyo baada ya chakula. Ila baada ya chakula watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Mwaka uliofuata alimwoa Filister. Kifungua mimba wao alikuwa mvulana, na Zadock akasema aitwe Mirumbe. Kwa kuwa wazazi wa Kijaluo huitwa kwa jina la mtoto wao, tangu siku hiyo Zadock akawa Wuon Mirumbe, yaani baba Mirumbe, na Filister akawa Min Mirumbe. Jina hilo lilitajwa katika boma lile mara arobaini kwa siku, na kila lilipotajwa Zadock alihisi kitu kidogo kikimgusa kifundo cha mguu.

Lakini mtu huzoea. Alilima viazi vitamu, akawa mzee wa kanisa, akajenga nyumba ya mabati. Kwenye harusi na sherehe, wakati wa pakruok ulipofika, pale muziki hukatizwa ili mtu asimame ajisifu, Zadock alisimama na kuvuta suruali juu.

"Mimi Jating' Ji! Mgongo huu umepita mipaka bila pasipoti!"

Wanawake walipiga vigelegele. Ni mtu mmoja tu aliyebaki amekunja mikono, naye alikuwa binamu yake Boaz, mwenye shamba linalopakana na lake. Boaz alikuwa na jibu moja ambalo hakuwahi kulibadilisha kwa miaka thelathini na minane.

"Tunangoja kusikia kutoka kwa mzigo."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kaburini kama Lorine hangehitimu. Lorine alikuwa mjukuu wa Zadock, binti wa huyo huyo Mirumbe mdogo. Alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia, na alipokuwa akingoja kuajiriwa ualimu aliamua kuandika kijitabu cha maisha ya babu yake, kisomwe Jumamosi ya siku ya familia, mbele ya ukoo mzima, kanisa na chifu. Kila asubuhi alikaa na babu yake barazani, daftari mapajani.

"Kwara," alisema, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita babu, "hii habari ya kumbeba Mirumbe. Chanzo ni nani?"

"Chanzo ni mimi."

"Chanzo kimoja hakitoshi. Tulifundishwa vyanzo viwe angalau viwili."

"Mwandike nyanya yako."

"Nyanya hakuwapo."

"Ameisikia mara elfu. Hiyo si sawa na kuwapo?"

Lorine alitabasamu, akafunga daftari, na wiki iliyofuata akaaga kwamba anakwenda Migori kumwona rafiki. Hakuishia Migori. Aliendelea mpaka kwenye soko la Kehancha, kwa Wakuria, akaanza kuuliza habari za mzee aliyewahi kushikwa na vita Uganda pamoja na babu yake Zadock. Kufika saa sita, wazee watatu walikuwa wamejitokeza, na kila mmoja alidai ndiye. Wa kwanza alisema alikuwa jenerali. Wa pili aliuliza kama kuna chakula cha mchana. Wa tatu, mzee mfupi mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, alimtazama binti huyo muda mrefu, kisha akauliza, "Ule mguu wake wa kushoto umepona?"

Lorine karibu apige kelele sokoni. Alimhoji palepale, lakini Mzee Mirumbe alikataa kusimulia. "Hayo nitayasema mbele ya Zadock mwenyewe," alisema, na macho yake yakakimbilia kwa wauza vitunguu. Lorine aliandika daftarini: Shahidi ni mtu wa heshima, hataki kusema nyuma ya mwenzake.

Alhamisi, ratiba za sherehe zilifika kutoka kwa mchapishaji mjini Homa Bay. Zadock alivaa miwani ili ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa. Lilikuwa sawasawa. Kisha macho yake yakateremka mpaka namba tisa: Neno la Mzee Mirumbe, Shahidi wa Kuona kwa Macho.

Akaomba maji. Akayanywa. Akaomba mengine.

Fikiria hali yake. Kila kitu alichokuwa nacho kijijini, kiti chake cha mbele, jina lake la sifa, hata namna watoto walivyompisha njiani, vilisimama juu ya mgongo ule mmoja. Sasa mtu pekee duniani aliyejua nusu ya pili alikuwa anakuja kupewa kipaza sauti, na Boaz atakuwa ameketi safu ya pili.

Usiku ulipita, na asubuhi Zadock akatangaza kwamba anaumwa.

"Unaumwa nini, Wuon Mirumbe?" Filister aliuliza huku akichambua mboga.

"Kila kitu."

"Pole. Basi kesho utaumwa ukiwa umeketi kwenye hema, na suti yako."

"Sherehe inaweza kuahirishwa."

"Fahali ameshanunuliwa, hema limeshafungwa, na Lorine amefurahi. Wewe ndiye mdogo wa hayo yote." Filister akaweka mboga chini, akamtazama kwa namna ambayo ilimfanya Zadock aangalie dari. "Una jambo la kuniambia?"

"Hapana, Min Mirumbe."

"Haya," alisema Filister, akarudi kwenye mboga zake.

Zadock aliinuka, akavaa viatu na kuteremka mpaka steji ya Kendu Bay. Mgeni alitarajiwa kufika mchana, na lazima yeye ampate kabla mtu mwingine hajampata. Alimtambua mara aliposhuka garini. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini mabega yalikuwa yale yale. Walikumbatiana mpaka kofia ya Mirumbe ikaanguka.

"Miaka hii yote," alisema Zadock, "mbona hukunitafuta? Si mbali."

"Na wewe mbona hukunitafuta?"

Waliingia katika hoteli ndogo, wakaagiza chai na samaki wa kukaanga, na wakala wakitazama mlango kama watu wanaosubiri daktari.

"Mirumbe, kuna jambo," alianza Zadock.

"Hata mimi nina jambo."

"Anza wewe, u mgeni."

"Anza wewe, u mwenyeji."

Zadock alimeza chai. "Ndugu yangu, hapa kwetu, unajua watu wanavyopenda kufupisha mambo. Walifupisha ile safari yetu. Ikabaki ile sehemu niliyokubeba mimi."

Mirumbe aliweka kikombe chini polepole. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Zadock alidhani analia mpaka alipomsikia akicheka.

"Siku tatu?" Mirumbe aliuliza.

"Siku tatu."

"Hata kwetu walifupisha. Ikabaki ile sehemu niliyokubeba mimi. Siku tatu." Akapangusa macho. "Wewe kule kwetu ni mtu wa kuhurumiwa sana, Zadock. Kuna wanaodhani huna miguu."

Zadock alishtuka, akaudhika kidogo, kisha akaona mlango umefunguka. Wakakubaliana hapo hapo, juu ya mifupa ya samaki. Kendu Bay, Zadock ndiye aliyembeba Mirumbe. Kuria, Mirumbe ndiye aliyembeba Zadock. Kila mtu atalinda hadithi ya mwenzake akiwa mgeni.

"Umekuja peke yako?" Zadock alihakikisha.

"Peke yangu kabisa. Nimemwambia mjukuu wangu Emmaculate nakwenda kuangalia ng'ombe."

Walipeana mikono. Zadock alipanda kurudi nyumbani akiwa mzima kuliko alivyokuwa tangu Jumatano.

Jumamosi hema lilijaa. Lorine alisoma kijitabu chake kwa sauti ya wazi, bila kuruka hata nukta, na alipofika kwenye siku tatu za kubebwa, akina mama wa kanisa walisimama wakapiga vigelegele. Zadock aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi mbele ya kioo. Kisha shahidi akaitwa. Mzee Mirumbe alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaangalia nyasi.

"Ni kweli," alisema. "Alinibeba."

Hema lilitaka kung'oka kwa makofi. Boaz, katika safu ya pili, alikunjua mikono yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minane.

"Babu! Unasema nini?"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Watu kumi na wanne walikuwa wamesimama karibu na sufuria za pilau, wamevaa vizuri, vumbi la safari miguuni. Mbele yao alisimama mwanamke kijana aliyeshika simu juu akirekodi. Lorine alimpungia mkono kwa furaha. Yeye ndiye aliyewaalika, ili vyanzo viwe vingi.

"Emmaculate," alisema Mzee Mirumbe kwa sauti iliyokonda, na kipaza sauti kikaipeleka mpaka ziwani, "si nilikuambia nakwenda kuangalia ng'ombe?"

"Babu, wewe ndiye uliyembeba yeye! Siku tatu! Nimewafundisha hivyo darasa langu lote! Kuna mtoto alichora picha, iko ukutani!"

Boaz aliruka juu ya kiti. "Mzigo umesema, kwa kinywa cha mjukuu!" alipiga kelele. "Omera, ndugu zangu, leo mzigo umesema!"

Basi hapo kila mtu akasema lake. Wajaluo walisema Mkuria amekiri mwenyewe, tena kwa kipaza sauti. Wakuria walisema mzee wao ni mgeni na adabu imemponza. Chifu alisema tafadhali, mara tano. Lorine alikuwa akifungua kurasa za kijitabu chake mbele na nyuma, kana kwamba jibu limejificha kwenye ukurasa fulani aliouandika bila kujua.

Filister alikwenda mbele bila haraka, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mzee Mirumbe. Watu walinyamaza, maana Filister hakuwa na mazoea ya kushika kipaza sauti.

"Binti," alimwambia Emmaculate, "baba yako anaitwa nani?"

Emmaculate alimwangalia mwanamume aliyesimama kando yake, mrefu na mwenye aibu. "Anaitwa Zadock, mama. Ndiye kifungua mimba wa babu."

Mnong'ono ulipita hemani.

"Na mimi kifungua mimba wangu ni yule pale, anagawa soda. Anaitwa Mirumbe." Filister alimgeukia mumewe. "Wuon Mirumbe, nimeolewa katika ukoo huu nikakuta mnawapa watoto majina ya watu waliowafaa. Mkunga aliyeokoa mtoto, anapewa jina. Mwalimu aliyelipa karo, anapewa jina. Sijaona mtu akimpa mtoto wake jina la gunia alilolibeba. Siku ile uliposema huyu aitwe Mirumbe, nilijua kuna aliyekubeba. Nimengoja uniambie. Jana nilikuuliza tena."

Akampa kipaza sauti.

Zadock alisimama. Aliwaona wote: chifu, akina mama wa kanisa, Boaz juu ya kiti chake, mwanawe na kreti ya soda. Alimwona Lorine, aliyekuwa ameshika kalamu. Mguu wa kushoto ulimuuma. Lakini alipofungua mdomo, maneno yalitoka kwa urahisi uliomshangaza, kama gunia linaloteremshwa na watu wawili.

"Tulikuwa wapishi," alisema. "Bunduki ilikuwa moja na haikuwa na risasi. Tulipotoroka, siku ya kwanza nilimbeba mimi, kwa sababu ya homa. Siku ya pili nilianguka shimoni, akanibeba yeye, na nusu ya siku ya tatu. Alinivusha mto mabegani. Bila yeye, Lorine, huna babu. Hiyo ndiyo nusu ambayo sikuisema langoni."

Mzee Mirumbe akakohoa.

"Siku ya tatu yote," alisema.

"Nini?"

"Hukuteremka siku ya tatu. Nilikubeba yote."

"Mchana nilichechemea na fimbo!"

"Mchana ulilala! Ulikoroma sikioni mwangu mpaka mpakani!"

"Na wewe siku ya kwanza, ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na nilikupandisha mlima!"

"Mlima gani? Kichuguu!"

Kicheko kilianzia kwa Wakuria, kikavuka kwa akina mama wa kanisa, na chifu mwenyewe akainamia meza. Lakini Boaz hakucheka. Miaka yake thelathini na minane haikuwa imeishia alipotaka.

"Waongo wote wawili!" alisema. "Hakuna aliyebeba mtu! Waangalieni! Hawa wanaweza kubeba nini?"

Wazee wawili walimgeukia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana bila kupanga.

Zadock alivua koti la suti, akampa mkewe. "Mirumbe, panda."

"Wuon Mirumbe, wewe una miaka sabini na miwili," alisema Filister.

"Panda!"

Mirumbe alipanda. Zadock alitoka hemani na Mkuria mgongoni, hatua moja, mbili, tatu, kanisa likihesabu kwa sauti, Emmaculate akikimbia kando na simu. Nne. Tano. Kwenye hatua ya sita mguu wa kushoto ulikumbuka shimo la muhanga, na wote wawili wakaenda chini juu ya majani ya migomba yaliyotandikwa kwa ajili ya nyama.

Mirumbe ndiye aliyeinuka kwanza, akacheka mpaka akakaa tena. Zadock hakuinuka. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Wacha nimbebe, nimeshazoea," alisema Mirumbe, na kuanza kukunja mikono ya shati.

"Wewe kaa hapo hapo," alisema Filister. Alitazama huku na huku, na macho yake yakatulia. "Boaz! Si ulitaka kuona mtu akibebwa? Njoo umbebe."

Mtu hakatai amri ya Min Mirumbe mbele ya ukoo mzima. Boaz aliinama, akapandishiwa binamu yake mgongoni, na kuanza safari ya kwenda nyumbani, hatua kama hamsini hivi, akihema.

"Mzito huyu," aliguna. "Nyinyi! Huyu mtu ni mzito kweli!"

"Mimi nilikuwa nasema nini?" aliitikia Mirumbe akifuata nyuma na kofia mkononi. "Na wakati ule alikuwa hajala siku nne."

Zadock, juu mgongoni, aliona vichwa vya watu wote, na ziwa kwa mbali. Watu walikuwa wakimwita Jating' Ji na kucheka, na wengine wakamwita Mirumbe jina hilo hilo, na wengine Boaz. Lorine alikuwa akitembea kando yao, daftari wazi, kalamu ikikimbia.

"Nyakwara, mjukuu wangu," alisema babu yake kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya kutoka pale alipokuwa, "hii usiiandike."

"Kwara," alijibu Lorine bila kuinua macho, "vyanzo ni mia mbili."